Nani Ameiandika Njia Hii?

Katika makundi ya waendesha baiskeli kuna swali lisilozeeka: ninunue GPS gani? Anayeuliza huwa tayari ana baiskeli yenye tairi pana, ameshachoka na lami na malori yake, na sasa anataka kwenda kule ambako vibao vya barabarani vimekwisha. Majibu huja haraka. Mmoja atataja Garmin kwa sababu betri yake inadumu. Mwingine atasema Wahoo, kwa kuwa vitufe vyake vinabonyezeka hata vidole vikiwa na matope. Wa tatu atasifu skrini ya Karoo, inayong'aa kama simu mpya. Wa nne, ambaye hakosekani, atasema hizo hela bora ununue tairi, simu yako inatosha.

Nimefuatilia mijadala hii kwa jicho la mtu anayesomea fasihi, na kinachonishangaza ni kwamba wote wanne wanajadili jalada. Ni kama mtu aulize asome riwaya gani, halafu ajibiwe kuhusu ubora wa karatasi, ukubwa wa herufi na uimara wa gundi. Mambo hayo yana maana yake, na nitayarudia. Lakini kifaa cha GPS kinajua jambo moja tu kwa nguvu zake chenyewe: uko wapi. Kwamba mbele yako kuna njia, inaelekea wapi, inapitika au haipitiki, hayo hakiyajui. Kimesimuliwa na ramani. Na ramani ni andiko: ina waandishi, ina msamiati, ina mambo iliyoyataja na mengine iliyoyanyamazia. Anayetaka kutoka nje ya lami achague andiko kwanza na jalada baadaye, na achague andiko ambalo yeye mwenyewe anaruhusiwa kulisahihisha.

Nianze na lile la "uko wapi", kwa sababu ndilo lililokwisha kutatuliwa. Mpaka Mei 1, 2000, Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kiasi kwamba kukosea kwa mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo ukome, na usiku ule ule kila kifaa duniani kikawa sahihi zaidi bila mwenyewe kukigusa. Baadaye zikaongezeka setilaiti za GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na vifaa vingi vya leo husikiliza zaidi ya mfumo mmoja. Mahali pa wazi, hata simu ya kawaida hukuonyesha ulipo kwa kosa la mita chache. Anayelipa dola mia kadhaa ili tu ajue alipo, analipia tofauti ndogo.

Tofauti ilipaswa kuwa kwenye ramani. Hapa ndipo penye kichekesho. Ramani za baiskeli zinazokuja ndani ya Garmin Edge zimejengwa kwa data za OpenStreetMap. Za Wahoo vilevile. Za Karoo vilevile. Komoot, ambayo wengi huitumia kupangia safari, inatumia OpenStreetMap. OsmAnd na Organic Maps, programu unazoweza kuzipakua bure kwenye simu, nazo ni OpenStreetMap. Wale jamaa wanne wanaobishana kikundini wameshika chapa nne za kitabu kimoja. Rangi zinatofautiana, unene wa mistari unatofautiana, na kila mchapishaji ana namna yake ya kuchagua njia ya kukupendekezea. Ila njia isiyokuwemo kwenye kitabu haimo kwenye chapa yoyote, na hakuna pesa itakayoiweka.

Kitabu hicho kilianza mwaka 2004 nchini Uingereza. Mwanzilishi wake, Steve Coast, alikerwa na hali ambapo ramani bora za nchi zilikuwa mikononi mwa idara ya serikali na kutumika kwa malipo na masharti. Akaanzisha ramani ambayo yeyote anaweza kuichora, kuisahihisha na kuitumia. Kwetu ilifika kwa milango ya shida. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliichora mitaa yao kupitia mradi wa Map Kibera. Mwaka 2015 Ramani Huria ilianza Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo vikuu wakishirikiana na wakazi kuchora mitaro na vichochoro kwa sababu ya mafuriko. Pale palipokuwa na shida inayoonekana, na mradi wa kuigharamia, tumejiandika wenyewe. Vijijini hali ni tofauti. Njia nyingi za huko zimechorwa na watu wenye nia njema waliokaa mbele ya kompyuta, mbali, wakifuatisha picha za setilaiti.

Tuichukue Usambara ya Magharibi kama mfano, maana kwa baiskeli za milimani ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi Tanzania. Unaiacha barabara kuu Mombo, unapanda kupitia Soni mpaka Lushoto, na kutoka hapo njia zinatawanyika kwenda Mlalo, Rangwi, Mambo na Mtae, ambako mlima unakatika ghafla na tambarare ya Mkomazi imelala chini kama mkeka. Fungua eneo hili kwenye programu yoyote kati ya hizo. Miteremko iliyolimwa ina mistari tele, kwa sababu ukiwa angani njia iliyokatiza shamba la maharage inaonekana vizuri. Ingia upande wa msitu wa Magamba, mistari inapungua. Njia hazijapungua kiasi hicho. Ni miti iliyozifunika. Mchoraji wa mbali huandika anachokiona, na kivuli cha mti kwake ni ukurasa mtupu.

Halafu kuna msamiati. Kwenye OpenStreetMap kila mstari hupewa lebo. Njia ambayo gari linaweza kupita shambani au msituni ina lebo yake, na ya miguu ina yake. Njia ya gari la shamba hupangwa katika madaraja matano, kuanzia iliyo ngumu kama lami hadi iliyo laini kama bustani. Ugumu kwa baiskeli ya milimani una vipimo kuanzia 0 hadi 6, vilivyotokana na mizani ya Wajerumani. Ugumu kwa wapanda milima una ngazi sita za chama cha milima cha Uswisi. Ni msamiati makini, uliofanyiwa kazi kwa miaka mingi, na ulizaliwa kwenye milima ya Ulaya. Kiswahili kinapotaja njia, hutaja zaidi nani anaipita na kwa nini: njia ya ng'ombe, njia ya kisimani, njia ya mkato, njia ya panya. Mwendesha baiskeli akiambiwa "njia ya ng'ombe" ameshaelewa mengi: ni pana, ina vumbi la kuzamisha tairi kiangazi, ina mashimo ya kwato yaliyokauka, na haitapita ukingo wa jabali. Lebo inayosema "njia ya miguu" haijamwambia lolote kati ya hayo.

Pengo kubwa zaidi, hata hivyo, ni la sarufi. Ramani haina njeo. Kiswahili kina -li-, -na-, -me- na -ta-, na kina hu- ya mazoea. Ramani ina neno moja tu: ipo. Shuka kutoka Usambara mpaka tambarare, uingie kwenye udongo mweusi wa mbuga. Januari kavu udongo ule ni mgumu kama saruji, unakimbia utakavyo. Masika, kati ya Machi na Mei, udongo huohuo hujisokota kwenye gurudumu, hujaza nafasi kati ya tairi na fremu, na baada ya hatua chache gurudumu haligeuki tena. Hapo hata kuisukuma baiskeli haiwezekani. Unaibeba, pamoja na kilo za udongo ilizozoa. Kwenye ramani mstari ni uleule, rangi ileile, miezi yote 12. Lebo ya msimu ipo, lakini aliyechora kwa picha moja ya angani atajuaje, ilhali picha nzuri hupigwa siku isiyo na mawingu?

Linganisha na mwenyeji. Nimewahi kumwuliza mama mmoja aliyekuwa akipalilia karibu na ukingo wa Irente. "Shikamoo mama. Njia hii inafika Mazinde?" Akaniangalia, akaiangalia baiskeli. "Marahaba mwanangu. Inafika. Ila siyo na hiyo." Sentensi tatu fupi, na ndani yake kuna kila kitu ambacho programu yangu haikuwa nacho: njia ipo, ina mwisho wake, na kwa msafiri huyu, na chombo hiki, haifai. Ramani ilijibu swali la kwanza tu.

Irente inaonyesha pia udhaifu wa jambo ambalo watengenezaji hujivunia sana: mchoro wa miinuko. Kifaa cha kisasa hukuonyesha mlima ulioko mbele, mita ngapi zimebaki, mwinuko ni wa asilimia ngapi. Kwa Afrika, chanzo kimoja muhimu cha takwimu hizo za bure ni kazi iliyofanywa Februari 2000 na chombo cha anga cha Endeavour, ambacho kwa siku 11 kiliipima sehemu kubwa ya dunia kwa rada. Ni kazi kubwa, na data zake ziko wazi kwa wote. Lakini ardhi iligawanywa katika vipande vya mraba, vya mita 90 katika toleo lililotumika kwa miaka mingi na mita 30 katika toleo la baadaye, na kila kipande kikapewa kimo kimoja. Kwenye vilima vya mviringo hilo halina shida. Kwenye ukingo unaoanguka karibu mita 1,000 hadi Mazinde, jabali hulainishwa likaonekana mteremko. Msituni, sehemu ya urefu wa miti huhesabiwa kama ardhi. Kwa hiyo mistari ya kontua inayopendeza kwenye skrini ni muhtasari wa mlima, na muhtasari hupunguza makali kwanza. Kifaa chenye kipimo cha kanieneo ya hewa kitakupa hesabu nzuri ya mita ulizokwisha kupanda. Zile ambazo hujazipanda bado kinazisoma kwenye muhtasari uleule.

Wako watakaosema tiba ya haya yote ni ramani ya joto. Strava hukusanya safari za mamilioni ya watumiaji na kuzichora kwa mwanga: njia inayopitwa sana inang'aa, isiyopitwa inabaki giza. Mpangaji wake wa safari hutumia mwanga huo kupendekeza njia. Mantiki inaonekana safi, kwamba wapitao wengi hawawezi kukosea. Lakini tujue wapitao hao ni akina nani. Ramani hiyo ilipotolewa upya Novemba 2017, mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, aligundua kwamba katika nchi kama Syria na Afghanistan vilivyong'aa jangwani vilikuwa kambi za wanajeshi wa kigeni, wakifanya mazoezi na saa zao mkononi. Habari ikasambaa Januari 2018 kama kashfa ya usalama. Mimi naisoma kama somo la uhakiki. Nchi nzima ilikuwa giza, na nuru pekee ilikuwa ya mgeni mwenye saa.

Sasa ilete nyumbani. Waendesha baiskeli wakubwa wa nje ya lami Tanzania hawavai kofia ngumu wala nguo za kubana. Ni mtu mwenye Phoenix isiyo na gia, nyuma kuna magunia mawili ya mkaa au mikungu ya ndizi au madumu ya maji, ameng'oka alfajiri. Huyu anajua mwinuko kuliko barometa yoyote, kwa sababu kila asilimia anailipa kwa magoti. Anajua wapi pa kushuka na kusukuma, wapi mchanga hufungua baada ya mvua moja, daraja gani la magogo limeoza. Amepita njia yake mara elfu, na kwenye ramani ya joto hajapita hata mara moja. Ramani ya joto ni kumbukumbu ya umiliki wa vifaa. Ukiifuata, utaendesha pale walipokwisha kuendesha watu kama wewe, na kila safari yako itazidi kuing'arisha njia ileile. Waliokwepa lami ili waone nchi hujikuta wamejenga barabara kuu yao wenyewe.

Yapo maandiko mengine, na kila moja lina mwandishi wake. Tracks4Africa, iliyoanzia Afrika Kusini, imejengwa kwa safari zilizorekodiwa na wasafiri wenyewe, na huuzwa kwa ajili ya vifaa vya Garmin. Uzuri wake ni kwamba mtu amefika kweli. Wakati mwingine utaambiwa mwendo halisi wa kipande fulani. Lakini aliyefika alikuwa kwenye gari la magurudumu manne, hivyo kinjia ambacho gari haliingii hakikuwa habari kwake. Zipo pia karatasi za zamani za 1:50,000, zilizoanzishwa na wapimaji wa Kiingereza kwa picha za ndege na kuendelezwa na idara zetu za upimaji. Majina ya vijito na vilima yamo humo kwa wingi ambao skrini haijaufikia, ingawa barabara zimepitwa na wakati. Anayeziskani na kuziweka kwenye kifaa ajue kwamba zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali GPS hutumia WGS 84. Asipobadilisha, atajiona amehama kwa mita zipatazo 300. Kwenye mgongo mwembamba wa Usambara, mita 300 ni tofauti kati ya njia na hewa.

Basi tuchague vipi? Swali la kwanza dukani liwe hili: kifaa kinakubali ramani nisiyouziwa na kampuni? Vifaa vingi vya Garmin vyenye ramani hukubali. Unaweza kupakia ramani za bure zilizotengenezwa kutoka OpenStreetMap, kama OpenMTBmap, na kuzipakia upya kila zinaposahihishwa. Kifaa kinachosubiri kampuni ikuletee toleo jipya kimekufungia ndani ya andiko la jana. La pili: kinafanya kazi yote bila bando? Kuonyesha ramani ni rahisi. Kutafuta njia nyingine mto ukiwa umejaa, bila mtandao, ndio mtihani. OsmAnd na Organic Maps huupita kwenye simu. La tatu: kinakula nini? Familia ya eTrex ya Garmin ina matoleo yanayotumia betri mbili za AA, zile za tochi na redio, zinazopatikana katika duka la kijiji chochote chenye duka. Kwa sura ni kifaa cha kizamani, skrini ndogo, lakini kwa safari ya siku tatu bila umeme nakithamini kuliko skrini inayong'aa. La nne ni vitufe. Skrini ya kugusa, mvua ikinyesha, huamini kila tone ni kidole. Na anayefunga simu kwenye usukani akumbuke kwamba mwaka 2021 Apple yenyewe ilitahadharisha kuwa mtetemo wa pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone; barabara yenye mawimbi kama bati hutetemesha nayo. Simu ikae mfukoni au kwenye begi, itolewe kwenye njia panda.

Swali la tano haliulizwi dukani: nikigundua kosa, nalisahihisha wapi, na sahihisho langu litakuwa la nani? Julai 2020, Garmin iliposhambuliwa na wadukuzi, huduma zake za mtandaoni zilizimika kwa siku kadhaa. Vifaa viliendelea kurekodi, lakini watu walitambua ni kiasi gani cha maisha yao ya barabarani kimehifadhiwa kwa mtu mwingine. Machi 2025 Komoot, ambayo kwa miaka watumiaji waliijaza picha, maelezo na mapendekezo ya njia, iliuzwa kwa kampuni ya Italia, Bending Spoons, na sehemu kubwa ya wafanyakazi wakaondolewa. Waliojaza hawakuulizwa. Ukiandika "hapa masika hapapitiki" ndani ya programu ya kampuni, umempa mwenye kampuni. Ukiliandika kwenye OpenStreetMap, kwa OsmAnd au kwa StreetComplete inayokuuliza swali mojamoja ukiwa palepale njiani, linaingia kwenye kitabu ambacho chapa zote hunakili, na anaweza kulisoma hata asiye na uwezo wa kununua kifaa.

Nakiri kuna pingamizi zito. Je, kila njia iandikwe? Usambara njia nyingi hupita nyuma ya jiko la mtu, kando ya makaburi ya ukoo, katikati ya mahindi. Mstari ukishaingia kwenye ramani ya dunia, programu ya mtu asiyejua kusema "hodi" itampeleka pale akiwa na mwendo wa kushuka mlima. Msitu wa Magamba ni hifadhi, hauingiwi bila kibali, na mstari mtupu hauombi kibali. Kwa hiyo kuandika njia kunahitaji adabu ileile ya kuandika kisa cha mtu mwingine: unauliza kwanza. Kuna njia utakazoziandika zote, na lebo ya udongo, na ya msimu. Kuna nyingine utazipita kwa ruhusa na kuziacha bila maandishi, kwa kuwa wanaozihitaji wanazijua.

Mara nyingine swali la GPS likirushwa kikundini, ningependa wa tano ajibu kwa kuuliza: unakwenda wapi, na huko nani ameandika? Kama jibu ni "hakuna", basi kifaa kinachofaa ni kile cha bei ndogo kinachorekodi vizuri, pamoja na salamu za kutosha za kufika nazo. Yule mbeba mkaa atakuwa anapumzika chini ya mwembe, baiskeli ameiegemeza kwa fimbo. Msalimie, muulize njia, na muulize pia kama ingefaa wengine waijue.